Tuhuma ya Uchawi, Mkataba wa Shamba: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Malindi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja kilichoko bara ya mji wa Malindi, upande wa barabara inayokwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Majina ya watu, ya kijiji na ya kituo cha polisi yameondolewa, na mambo madogo yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nilikabidhiwa faili baada ya kesi kwisha ili nilipitie kwa ajili ya mafunzo ya maafisa wapya na manaibu wa chifu. Nilizungumza pia na maafisa waliohusika, na mlalamishi mwenyewe, ambaye hapa ataitwa Mzee, na mkaza mwanawe, ambaye bila yeye faili hili lingekuwa la mauaji.

Kituo kilikuwa na mwaka mgumu. Mkuu wa kituo alikuwa amehamishiwa hapo karibuni kutoka mkoa mwingine wa nchi, gari la doria lilikuwa moja, na malalamiko ya wazee kutishwa yalikuwa yakija mara kwa mara. Nimechagua kisa kimoja badala ya kusimulia mwaka mzima kwa sababu karibu kila kilichokwenda kombo mwaka huo kimo ndani ya faili hili.

Mazingira

Kwa miaka mingi sasa, katika Kaunti ya Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao ni wanaume, na mvi peke yake humtosha mtu kunyooshewa kidole, hata wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi kwa hofu. Kule Ganze, katika Kaya Godoma, wazee waliokimbia makwao wamekuwa wakipewa hifadhi. Mgeni akisikia habari hizi hudhani kwamba kinachoua ni imani. Imani ipo na ina nguvu, lakini askari anayeishia hapo ameishia mlangoni.

Mzee alikuwa amepita miaka 70. Shamba la familia lilisajiliwa kwa jina lake wakati wa upimaji wa ardhi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kati ya ndugu wawili. Ndugu yake alifariki baadaye, akaacha mtoto wa kiume ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto, naye hudai sehemu ya baba yake. Dai hilo halikuwa la uongo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya ilithibitisha kwamba ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja inaweza kubeba haki za jamaa wengine kwa mujibu wa mila, na Malindi ina Mahakama ya Mazingira na Ardhi ambako dai la namna hiyo husikizwa. Hakuna aliyemweleza kijana huyo jambo hili, na Mzee kwa upande wake alikuwa mgumu: kila alipoombwa kugawa shamba alisema atagawa akitaka.

Sheria tatu zinahitajika ili kisa kieleweke. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ambayo ni ya mwaka 1925, hufanya kuwa kosa kumshutumu mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa pale shutuma inapopelekwa kwa polisi, kwa chifu au kwa mtu mwingine mwenye mamlaka. Kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu hufanya tishio la kuua kuwa kosa kubwa, lenye kifungo cha hadi miaka 10. Nayo Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, katika kifungu cha 43, humruhusu hakimu kumtaka mtu anayeelekea kuvunja amani aweke dhamana ya kudumisha amani kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Zote tatu zilikuwa zikitumika tangu siku ya kwanza ya kisa hiki.

Mfuatano wa matukio

Kabla ya mvua za masika, mtoto mdogo wa kijana yule aliugua homa, akafariki. Baada ya matanga familia ilikutana, baadhi yao wakaenda kwa mganga kupiga ramli, wakarudi na jina la Mzee. Siku chache baadaye Mzee alitembea hadi kituoni, akaeleza kwamba anaitwa mchawi na kwamba anaogopa. Afisa wa zamu aliandika katika kitabu cha matukio maneno matatu, "ugomvi wa familia", akampa Mzee namba ya OB, yaani ya kitabu hicho, kwenye kipande cha karatasi na kumwambia, "Mzee, haya ni mambo ya nyumbani. Nenda kwa naibu wa chifu mkayamalize."

Naibu wa chifu aliitisha baraza. Alikusudia mema, lakini kilichotokea ni kwamba tuhuma iliyokuwa ikinong'onwa jikoni ilisemwa hadharani, mbele ya kijiji kizima. Wazee wa kijiji walipendekeza Mzee akale kiapo ili asafishe jina. Alikataa, akisema kwamba yeye ni Mwislamu na hatakula kiapo cha mganga, na waliohudhuria wakalichukua jibu hilo kuwa ni kukiri.

Wiki zilizofuata Mzee alipokea ujumbe kwenye simu. Kwa kuwa hajui kusoma vizuri, alimpa mkaza mwanawe amsomee. Ulisema kwamba hatakula mahindi ya msimu huo. Mkaza mwana alimchukua siku ile ile, wakaenda kituoni pamoja, na safari hii wakaonana na mkuu wa kituo mwenyewe. Huyu aliona uzito wa jambo. Aliamuru doria ipite kijijini kila usiku, na kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia, akaagiza Mzee alale kituoni kwa usalama wake. Alilala siku mbili, katika chumba kimoja na mahabusu.

Doria ilifanyika kwa muda mfupi. Gari lilipohitajika kwa kazi nyingine, na mafuta yalipopungua, ilikoma bila mtu yeyote kumjulisha Mzee.

Shambulio lilitokea usiku, mahindi yakiwa yanakaribia kuvunwa. Watu wawili wenye mapanga waliingia chumbani kwa Mzee, naye alikinga kichwa kwa mkono wa kushoto, akapoteza vidole vitatu. Mkaza mwana, aliyelala nyumba ya pili, alitoka akipiga mayowe na kumulika tochi, na washambuliaji wakakimbia. Majirani walimbeba Mzee kwa bodaboda hadi hospitali mjini Malindi.

Polisi walifika asubuhi. Wakati huo uwanja ulikuwa umekanyagwa na watu wengi, na panga lililookotwa kichakani lilikuwa limeshikwa na vijana wasiopungua wanne kabla ya kufika mkononi mwa afisa. Hata hivyo, mtu asiye wa ukoo huo, ambaye hapa ataitwa mshukiwa wa pili, alikamatwa mchana wake akiwa na shati lenye damu. Konstebo aliyemkamata alilifunga shati lile peke yake katika karatasi, akalitia muhuri, akaandika saa, na kulikabidhi kwa saini. Lilipelekwa maabara ya Mkemia wa Serikali mjini Mombasa, na damu ikathibitishwa kuwa ya Mzee.

Mtoto wa ndugu alikamatwa siku iliyofuata. Akiwa ndani ya gari la polisi alimwambia mpelelezi kwamba yeye ndiye aliyelipa, na mpelelezi akayaandika maneno hayo katika daftari lake. Kisheria hayakuwa na thamani, kwa sababu ungamo halipokelewi mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi, na mbele ya mtu wa tatu anayechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Alifikishwa kortini ndani ya saa 24, kama Ibara ya 49 ya Katiba inavyotaka. Upande wa mashtaka ulipinga aachiliwe kwa dhamana, lakini hati ya kiapo ya mpelelezi ilisema tu kwamba kosa ni zito, bila kueleza kwamba shahidi mkuu anaishi ua mmoja na mshtakiwa. Dhamana ilikubaliwa.

Mshtakiwa alirudi nyumbani. Muda si muda mkaza mwana alifukuzwa na mume wake mwenyewe, mtoto wa Mzee anayefanya kazi Mombasa, ambaye alituma neno kwamba mwanamke anayepeleka ukoo kortini hana nafasi katika ukoo huo. Aliondoka na watoto wawili, akaenda kwa mama yake.

Katikati ya haya mpelelezi alihamishwa. Aliyemrithi alipokea mafaili mengi kwa siku moja, na hili likakaa.

Mkataba

Lililogeuza sura ya kesi halikupatikana na polisi. Mwendesha mashtaka, alipokuwa akimwandaa Mzee kutoa ushahidi, alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza kituoni: nani angefaidika iwapo ungekufa? Mzee alijibu bila kusita kwamba kuna mtu wa mjini ambaye amekuwa akija kuangalia shamba. Mwendesha mashtaka aliomba mtu huyo atafutwe. Alipopatikana alionyesha mkataba wa mauziano wa ekari kadhaa, uliotiwa saini na mtoto wa ndugu kama muuzaji, pamoja na stakabadhi ya malipo ya awali. Mnunuzi alikuwa ameambiwa kwamba Mzee atafika mbele ya bodi ya ardhi kutoa idhini "hivi karibuni".

Tarehe ya mkataba ilitangulia homa ya mtoto kwa zaidi ya miezi miwili.

Mtu anaweza kusoma tarehe hiyo kwa njia mbili, na ni haki kuzitaja zote. Ya kwanza ni kwamba tuhuma ya uchawi ilitungwa ili kumwondoa mzee aliyezuia mauzo. Ya pili, ambayo mimi naiona kuwa karibu zaidi na ukweli, ni kwamba kijana yule alikuwa na deni la mnunuzi shingoni na chuki ya shamba moyoni, kisha akafiwa na mtoto, na ramli ikampa ruhusa aliyokuwa akiihitaji. Huzuni yake ilikuwa ya kweli. Mkaza mwana, ambaye ana kila sababu ya kumchukia, aliniambia kwamba alimwona akilia kaburini na kwamba hakuwa akiigiza. Mpelelezi anayetafuta mnafiki mtupu katika kesi za namna hii atamkosa mshukiwa aliye mbele yake, kwa sababu mara nyingi anayeamini na anayefaidika ni mtu mmoja.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kumrudisha Mzee kwa naibu wa chifu haukutokana na uvivu. Afisa wa zamu alieleza kwamba alifundishwa na wakubwa wake kuwa mambo ya ukoo yakiletwa polisi huharibika zaidi, na katika ugomvi wa mipaka au wa mahari maneno hayo yana ukweli. Alichokosa ni namna ya kutenganisha ugomvi na hatari. Kwa kuwa sheria ya 1925 huruhusu shutuma ya uchawi kupelekwa kwa chifu, kumtuma Mzee barazani kulikuwa sawa na kuwafungulia washtaki wake mahali ambapo wangeweza kuirudia shutuma hiyo bila kuvunja sheria. Shutuma ya kwanza, iliyotolewa katika kikao cha familia, ilikuwa kosa la jinai, na mashahidi wake walikuwa wangali wakizungumza na Mzee wakati ule.

Uamuzi wa kumlaza Mzee kituoni ulitokana na huruma, nao ndio uliomdhuru kuliko yote. Hapakuwa na sheria ya kumweka mlalamishi katika chumba cha mahabusu, na kijijini ilienea kwamba Mzee amefungwa. Wapo waliosema polisi nao wamethibitisha. Mkuu wa kituo, akiwa mgeni wa sehemu ile, hakujua kwamba Mzee alikuwa na binti aliyeolewa mjini Malindi, mwendo wa saa moja kwa matatu, ambaye angempokea usiku ule ule. Hakuuliza, na Mzee hakusema, kwa kuwa si desturi ya mzee kwenda kulala kwa mkwewe bila kualikwa.

Ombi la dhamana ya kudumisha amani halikufikiriwa kabisa katika hatua ya ujumbe wa simu. Maafisa watatu niliowauliza walikijua kifungu hicho kwa kukisoma chuoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukitumia.

Mzee alipoona familia inavunjika aliomba kesi iondolewe, na wazee wa ukoo walikuja kituoni na barua ya maridhiano. Ofisi ya mashtaka ilikataa, na kwa maoni yangu ilifanya vyema. Katiba, katika Ibara ya 159, inahimiza njia mbadala za kutatua migogoro, lakini upatanisho unaokomesha kesi ya jinai umewekewa mipaka, na jaribio la kuua halimo. Barua yenyewe ilikuwa na saini za watu tisa. Ya mkaza mwana haikuwamo.

Matokeo

Mshukiwa wa pili alipatikana na hatia ya jaribio la kuua, kwa nguvu ya shati na ya ushahidi wa mkaza mwana, aliyemtambua kwa mwanga wa tochi na kueleza umbali na muda bila kuyumba. Mtoto wa ndugu aliachiliwa. Mzee, akiwa kizimbani, alisema hakumtambua mtu yeyote, akitazama chini. Ujumbe wa simu haukupokelewa, kwa sababu uliletwa kama picha iliyochapishwa bila cheti ambacho kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinakitaka kwa ushahidi wa kielektroniki. Mkataba ulionyesha sababu ya kutenda, lakini sababu peke yake haimfungi mtu.

Siku chache baada ya kuachiliwa kwake, mpelelezi mpya alipeleka ombi chini ya kifungu cha 43, na hakimu akamtaka mtoto wa ndugu aweke dhamana ya kudumisha amani. Mauziano yalianguka yenyewe: shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na ombi la idhini lilipaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Mnunuzi sasa anadai fedha zake. Mzee anaishi kwa binti yake mjini, na mtoto wa ndugu amefungua dai la sehemu ya baba yake katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambako angepaswa kuanzia.

Uchambuzi

Kazi ya konstebo na shati lile ndiyo iliyoshikilia kesi nzima, na inafaa isemwe waziwazi kwa kuwa maafisa wa chini husikia zaidi makosa yao. Hakuwa na vifaa vya pekee. Alikuwa na karatasi, kalamu, muhuri na subira ya kungoja saini ya anayepokea. Vivyo hivyo, afisa wa kike aliyeandika taarifa ya mkaza mwana alimketisha mbali na familia, akamwacha aeleze kwa Kigiriama kwanza kisha wakaiandika pamoja kwa Kiswahili, na ndiyo maana maelezo yake kortini hayakutofautiana na yale ya siku ya pili baada ya shambulio.

Upungufu mkubwa ulikuwa katika kusoma malalamiko. Maneno "ugomvi wa familia" yalifuata faili kila lilikokwenda, na kila afisa aliyelifungua alianza kufikiri kutoka hapo. Laiti afisa wa zamu angeandika alichosikia, yaani "ameshutumiwa uchawi, kuna shamba lisilogawanywa, anaogopa kuuawa", aliyefuata angekuwa na maswali matatu mikononi mwake. Kituo hicho sasa kimeagiza kwamba tuhuma ya uchawi iandikwe kwa jina lake, na kwamba mlalamishi aulizwe papo hapo kuhusu hati ya shamba, kuhusu wanunuzi waliofika karibuni, na kuhusu jamaa anayeweza kumpokea usiku huo. Maswali haya hayahitaji gari wala mafuta. Manaibu wa chifu nao wameombwa wasiitishe baraza juu ya tuhuma za namna hii, bali wawasikilize wahusika mmoja mmoja na kutoa taarifa kituoni.

Kuhusu doria, sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba ingekuwa heri isingeanzishwa. Iliwazuia washambuliaji kwa muda wake wote. Kasoro ilikuwa kukoma kimya, kwani Mzee alikuwa amerudi kulala chumbani kwake akiamini kwamba gari linapita. Simu moja ingemfanya asilale hapo.

Uhamisho wa mpelelezi ni jambo lililo juu ya uwezo wa kituo. Kilicho ndani ya uwezo wake ni makabidhiano. Cheti cha ushahidi wa simu kilikuwa kimeandikwa katika orodha ya mpelelezi wa kwanza kama kazi iliyobaki, na orodha hiyo ilikuwa katika daftari lake binafsi, alilokwenda nalo. Afisa huyo alikuwa amechoka kwa namna ambayo wenzake waliiona na hawakuisema. Mwaka huo alikuwa amehudhuria maiti za wazee wengine wawili, na aliniambia kwamba alipopata barua ya uhamisho alifungasha usiku ule ule bila kuangalia mezani.

Linalobaki bila jibu ni la mkaza mwana. Kenya ina Wakala wa Kuwalinda Mashahidi na ina Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014, lakini hakuna aliyemwombea ulinzi, kwa kuwa kila mtu alimhesabu kuwa ni mtu wa nyumbani kwa Mzee na kwamba familia ingemtunza. Nauli yake ya kufika kortini ilitoka mfukoni mwa mpelelezi wa kwanza, kisha mfukoni mwa wa pili. Ndoa yake haijarudi, na watoto wake wamebadilisha shule. Nimependekeza kwamba katika kila faili la tuhuma ya uchawi, shahidi anayeishi ua mmoja na mshukiwa atajwe katika hati ya kupinga dhamana, na ombi la ulinzi wake lipelekwe kabla ya mshukiwa kusimama mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza. Pendekezo limekubaliwa kituoni, ila kwa mkaza mwana huyu limechelewa, na sehemu yake katika shamba linalogombewa haijatajwa katika dai la upande wowote.